Wa Vizimba Tu

"Sogea, unawatisha sungura."

Mtafiti akasogea. Mchumba wake, mtunza wanyama wa maabara, aliendelea kusugua kizimba bila kumtazama.

"Simu zangu hupokei."

"Ujumbe si umeusoma?"

Aliusoma mara sita: *Mama nimeshamwambia. Harusi haipo.*

"Kwa neno moja tu?"

"Unalikumbuka?"

Uso ukamshuka. Asubuhi ile, mbele ya watafiti wenzake, kamati iliyopitia ombi lake la utafiti ilimuuliza kwa nini ameacha sungura na kuchagua nguruwe, naye akajibu kama maji: sungura ukimlisha mafuta, huganda zaidi kwenye mshipa mkubwa utokao moyoni. Nguruwe huchelewa, lakini kwake huziba mishipa ileile inayoulisha moyo, kama kwetu sisi.

"Umeyajuaje?" mwenyekiti akauliza.

"Nimesoma, Profesa."

"Na yule dada aliyeleta mafaili, ni nani?"

"Ni wa vizimba tu."

Yule dada alikuwa anatoka, hajafika hata mlangoni.

"Miaka tisa nawashikia taa mkipasua wanyama," alisema sasa. "Nikakueleza niliyoyaona, ukasema nina akili kuliko maprofesa wako. Kumbe nina akili tukiwa wawili."

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Wajue nimefundishwa na mtu asiye na cheti."

"Malizia."

"Ambaye nataka kumwoa."

Alipojisikia akilitamka, alitamani sakafu impasukie. Akatoa simu, akaweka spika.

"Shikamoo, Profesa. Asubuhi nilidanganya. Hoja ya nguruwe si yangu, ni ya yule dada."

"Unajua ombi lako litarudi mezani?"

"Lirudi."

"Basi kesho aje yeye. Maswali atajibu mwenyewe."

Simu ikakatika. Mwanamke akakamua kitambaa taratibu.

"Utanitambulishaje?"

"Mwalimu wangu. Na mchumba wangu."

"La kwanza sawa. La pili sijakurudishia."

Akamsukumia ndoo ya maji machafu. "Kamwage."

Akaibeba. Koridoni watafiti wenzake walikuwa wamesimama na vikombe vya chai.

"He, dokta! Umehamishiwa vizimbani?"

Masikio yakamwaka moto. Angeweza kucheka tu na kupita.

"Nimetumwa na mwalimu wangu," akasema, kwa sauti. "Yote mliyoyasikia kwangu asubuhi ni yake."

Vicheko vikakatika. Nyuma yake mlango ukafunguka.

"Na mchumba wake pia," sauti ikasema. "Mpisheni, asije akatumwagia maji koridoni!"