Daftari Safi la Gari la Wagonjwa

Mtaa mzima ulimwita Mwandiko. Barua za kuomba kazi, fomu za shule, hata majina ya kwenye kadi za harusi, vyote vililetwa mlangoni kwake. Herufi zake zilikaa mstarini kama zimepigwa pasi. Mwenyewe alijua, na alijivuna kidogo.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa wa figo. Gari lilikuwa mali ya kikundi cha familia za wagonjwa. Mafuta, matairi na matengenezo yalilipwa kwa ruzuku, yaani fedha za umma walizopewa kwa kazi hiyo tu. Kila Jumatatu na Alhamisi gari liliwapeleka watu tisa kliniki kusafishwa damu.

Siku moja dereva alirudi nyumbani na habari. Mkaguzi wa fedha atakuja wiki ijayo kuangalia daftari la gari. Mwandiko alilishika daftari lile kwa ncha za vidole. Lilikuwa na oili, alama za vidole na sahihi za abiria zilizokwenda kombo. Risiti za mafuta zilikunjwa humo humo.

"Baba watoto, hiki ndicho unachotaka kumwonyesha mtu wa serikali?"

"Ndicho nilicho nacho," alisema dereva.

"Aibu tupu! Niachie mimi."

Alikaa sebuleni mchana kutwa, akanakili safari za miezi mitatu kwenye daftari jipya. Risiti aliziandika jumla yake tu. Kisha daftari la zamani na risiti zake akawashia jiko. Chai ikaiva upesi, yeye na mumewe wakacheka. Maskini, alidhani amemsaidia mumewe.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alikaa katika ofisi ya kikundi, chumba chenye meza moja na mabenchi mawili, dereva na mkewe mbele yake. Alifungua daftari, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Lakini miezi mitatu yote kalamu moja, na hakuna hata neno moja lililokatwa. Sahihi za abiria ziko wapi? Risiti ziko wapi?"

Mkaguzi akageuza ukurasa.

"Na hapa mmeandika gari lilikwenda kliniki. Fundi wa gereji ananiambia siku hiyo lilikuwa kwake, limevuliwa magurudumu."

 Kumbe wakati wa kunakili Mwandiko aliruka mstari mmoja, ule wa siku ya gereji. Safari zote zilizofuata zikapata tarehe zisizo zao.

"Kuna daftari la kwanza, lililoandikwa siku ya safari yenyewe?" aliuliza mkaguzi.

Dereva alimtazama mkewe. Mwandiko alitazama sakafu.

"Hili ndilo," alisema.



Ruzuku ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Gari likakosa mafuta, likaegeshwa kando ya ukuta. Mtaani maneno yakaanza: wale wawili wamekula hela za wagonjwa. Dereva akiingia dukani, mazungumzo yanakatika.

Aliyeumia zaidi ni jirani yao, Fundi Saa, mtu wa utani na mmoja wa wale wagonjwa tisa. Wiki ya kwanza aliuza vifaa vyake vya kazi, akakodi teksi. Wiki ya pili alikwenda kliniki mara moja. Wiki ya tatu miguu ilivimba, viatu vikamkataa.

"Shemeji," alimwita Mwandiko kupitia dirishani, "mwambie mumeo alete gari. Mimi nimeshavaa."

Alikuwa amevaa kandambili na shati lake la kliniki. Mwandiko alisema atamwambia. Hakumwambia mtu yeyote kitu. Alhamisi ya wiki ile Fundi Saa alifariki.

Mwandiko alirudi kutoka mazishini. Aliogopa jela, na aliona aibu, lakini zaidi ya yote alijichukia. Akaenda peke yake kwa mkaguzi.

"Daftari la kwanza nililichoma mimi," alisema. "Lilikuwa chafu. Nilikudanganya."

Mkaguzi alivua miwani. "Ungesema siku ile, tungeanza kurekebisha siku ile." Akaiweka mezani. "Mama, mimi sikagui usafi. Doa la oili linaniambia dereva aliandika akiwa kazini. Sahihi ya abiria inaniambia alikuwemo. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika lililo sahihi pembeni, tia sahihi. Risiti haitupwi hata ikichanika. Nakala unaweza kuandika, lakini ya kwanza lazima ibaki."

"Sasa niandike upya?"

"Usiandike kitu! Leteni karatasi za wengine. Kituo cha mafuta kina nakala za risiti. Gereji ina kitabu chake. Kila mgonjwa ana kadi yenye mihuri ya kliniki."

Mume na mke wakapita nyumba kwa nyumba. Wengine waliwapa kadi bila salamu. Mjane wa Fundi Saa alitoka na kadi iliyochakaa, yenye mihuri ishirini na sita ya miezi ile mitatu.

"Ichukue," alisema. "Mwenyewe haihitaji tena."

Karatasi zikalingana. Hakuna fedha iliyoibwa. Kikundi kilipewa barua ya onyo, na wiki ya tano gari likarudi barabarani. Sasa daftari linakaa ndani ya gari, kalamu imefungwa kwa kamba. Abiria wanatia sahihi wakipanda. Risiti zinatiwa katika bahasha ya kila mwezi, na kila Ijumaa mweka hazina wa kikundi analikagua daftari pamoja na Mwandiko. Limeshapata oili, na yeye haoni vibaya.

Alikwenda kurudisha kadi kwa mjane.

"Dada, safari zake zote ishirini na sita zimekubaliwa."

Mjane aliipangusa kadi kwa kiganja. "Na zile alizokosa, mdogo wangu? Zimeandikwa wapi?"

 Mwandiko alilia pale pale mlangoni, na mjane hakumnyamazisha.

Aliporudi alimwambia mumewe wafungue ukurasa mwingine nyuma ya daftari: siku ambazo gari halikwenda, nani alikosa kliniki, na kwa sababu gani.

"Mkaguzi kasema?"

"Hapana. Mke wa Fundi Saa."

Dereva akampa kalamu. Mwandiko aliandika juu tarehe ya siku ile, kwa kuwa ndiyo siku aliyoandika. Chini yake akaandika jina la Fundi Saa na kliniki tatu alizokosa. Kwenye nafasi ya sababu akaandika: "Nilichoma daftari." Kisha akatia sahihi yake.