Dionis Hajaurudisha Wimbo

Treni ya Kigoma iliingia stesheni ya Tabora watu wakakanyagana, na mkoba mgumu wa tarumbeta ukamgonga Advera gotini.

"Yalaa! Kaka, huoni?"

"Samahani, dada. Chuma hiki hakina macho."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe anayo. Yamekuona, yakasahau njia."

Jina lake Dionis; alikuwa na shati la kitenge na viatu vinavyong'aa kama kioo. Advera akacheka, na miezi minne iliyofuata simu zao zilikuwa zikizimika masikioni kwa kuishiwa chaji.

Advera ndiye aliyeimba wimbo wa mama wa mpagazi katika igizo la msafara wa zamani wa wabeba mizigo, lililopendwa mji mzima. Aliutunga marehemu baba yake. Jumapili moja alasiri, kwenye baa ya Gongoni, bendi ya Dionis iliupiga. Mwanzo waliupiga vilevile alivyouimba Advera, naye, ndani ya gauni lake la njano, akafumba macho. Kisha ngoma zikachangamka. Tarumbeta likaukunja wimbo, likaukatakata, likaucheka. Watu wakainuka kucheza.

"Wanamchezea baba yetu," alisema Ngassa, kaka yake, akisimama.

Advera angeweza kumshika mkono. Hakumshika.

Ngassa alipanda jukwaani akalisukuma tarumbeta kwa kiganja, lingali mdomoni mwa Dionis. Mdomo ukapasuka. Dionis akaangukia ngoma. Teke la kwanza likampata mbavuni, la pili shingoni. Kasimiri, mpiga gitaa, alimvunjia Ngassa kiti mgongoni. Ngassa akageuka na chupa iliyovunjika, akamchana mkono. Shati jeupe la Dionis lilikuwa jekundu hadi kiunoni. Advera alitoka bila kugeuka nyuma.

Siku ya tatu Kasimiri alipiga simu.

"Shemeji, kashonwa nyuzi saba. Daktari hajui kama atapuliza tena."

"Aliudhihaki wimbo wa baba."

"Mbona hukungoja? Sisi wimbo tunaupeleka mbali, halafu tunaurudisha nyumbani. Ubeti wa mwisho ulikuwa wa Dionis peke yake, polepole, kama wa mzee wako. Kaufanyia mazoezi mwezi mzima. Baada yake angekuita jukwaani, akuvishe pete."

Advera alikaa chini sakafuni, simu mkononi.

Kutoka hapo alikwenda polisi, akaeleza alichofanya kaka yake, akatia sahihi. Ngassa alipokamatwa, akaenda wodini. Uso wa Dionis ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba.

"Ngassa yuko ndani," alisema Advera. "Nimemtaja mimi."

Vidole vya Dionis vikaanza kugonga chuma cha kitanda, mdundo uleule wa baa.

Advera akaimba kwa sauti ya chini. Mdundo ukamkimbia, ukamwacha, akapotea.

"Mpenzi, nimepotea."

"Usitoke," alisema Dionis, damu ikichuruzika kwenye nyuzi. "Tunarudi sasa hivi."