Bei ya Mashati ya Kasoro

Kila Jumamosi asubuhi nilimsomea baba tarakimu za hati za mauzo, naye akichapa. Baba alikuwa karani wa mauzo katika kiwanda cha mashati. Macho yalishaanza kumsumbua, lakini miwani hakutaka. "Miwani ni ya wazee," alikuwa akisema, na bibi, mama yake, akimjibu kutoka jikoni, "Basi ninunulie mimi, nikusomee!"

Jumamosi moja nilisoma nikasita. "Baba, shati zuri hivi tunaliuza mia tisa? Si madukani ni elfu nne?"

Baba akacheka. "Mnunuzi ni kampuni dada, iko ng'ambo. Tajiri ni yuleyule. Mkono wa kulia unauuzia wa kushoto. Basi huku faida haionekani, tunalipa kodi kiduchu. Inaonekana kule, ambako kodi ni kama hakuna."

"Na serikali ikiuliza?"

"Barua hii hapa. Inasema bei yetu ni sawa na ya soko."

Nikaisoma. Loo! Baba alikuwa ameyalinganisha mashati yetu mazuri na ya kasoro, yale yanayouzwa langoni mwa kiwanda, mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nayajua vizuri, nimeyavaa.

"Lakini hayo si sawa, baba."

"Wewe soma tu, binti yangu. Meneja ameniahidi bahasha."

Wiki mbili baadaye bibi alibanwa na kifua. Hospitali ya serikali ilikuwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni, na huo ulikuwa ukitumiwa na mtoto mchanga.

"Tumeomba mingine tangu mwaka juzi," muuguzi alisema, macho chini. "Tunajibiwa kwamba kodi inayokusanywa haitoshi."

Bibi alifariki saa tisa alasiri, nikiwa nimemshika mkono. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Baba hakulia. Alikaa kwenye benchi la ukumbini akirudia, "Haitoshi. Haitoshi."

Matanga yalipokwisha, mkaguzi wa kodi alifika kiwandani. Meneja akamwita baba aithibitishe ile barua. Baba akamwambia mkaguzi, "Nimeiandika mimi, na ni ya uongo. Nimelinganisha mashati mazima na ya kasoro."

Kazi ikaota mbawa siku hiyohiyo. Kiwanda kililazimishwa kulipa kodi ya miaka mitatu, na bei ikarekebishwa. Siku hizi baba anauza nyuzi na vifungo sokoni, na kuna siku harudi na kitu.

Jioni moja nilishindwa kujizuia. "Baba, kodi ile ingemwokoa bibi?"

Alinivuta karibu.

"Siwezi kuapa kwamba ingenunua mtungi, mwanangu. Ila siwezi kuapa kwamba isingenunua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Uongo ukipigwa mhuri haugeuki kuwa kweli. Ukiambiwa uusaini, kataa mapema, usingoje yakufike kama mimi. Nilidhani naidanganya serikali tu. Kumbe serikali hiyohiyo ndiyo niliyokwenda kuiomba pumzi ya mama yangu."

Hapo ndipo baba alipolia.