Mnong'onezaji wa Iraj

"Rudia hapo kwenye 'nilipotoshwa'," alisema Mahrokh, macho kwenye karatasi. "Umelimeza."

Iraj akasafisha koo. "Nilipotoshwa. Niliiacha nchi yangu kama mtoto anayemwacha mama yake sokoni."

"Afadhali. Huyu anayesema ni nani kwenye tamthilia?"

"Mfungwa. Mfungwa mmoja hivi."

Walikuwa jikoni kwao, Cologne, Ujerumani, chai imepoa. Kwa miaka kumi na minane, tangu Tehran, Mahrokh alikuwa mkewe na mnong'onezaji wake. Iraj akisahau jukwaani, yeye alimrushia maneno kutoka nyuma ya pazia, naye akayasema bila kufikiri, kama mwangwi. Watu waliisifu kumbukumbu ya Iraj. Mahrokh hakuwahi kumsahihisha mtu.

Akafunua ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti.

"Aliyenipotosha ni mke wangu, Mahrokh Adibi. Ndiye aliyewakaribisha maadui wa taifa nyumbani kwetu."

Akaiweka karatasi mezani taratibu.

"Iraj. Mfungwa wako naye kaoa Mahrokh Adibi?"

"Ukurasa huo... sikukusudia uuone."

Simu ya Iraj ikalia. Ulikuwa ujumbe; Mahrokh akauwahi, akausoma kwa sauti.

"Saa kumi kamili, Mwalimu. Tunarusha moja kwa moja kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, watu wasiseme umelazimishwa. Ukimaliza tu, rudi Tehran, serikali imekusamehe, filamu ni yako. Sohrabi."

"Mtayarishaji wa filamu huyu?"

"Mkubwa kabisa."

"Na maadui wa taifa ni nani? Wale wageni wetu uliowapikia wali wewe mwenyewe? Wakakataa mara mbili kwa adabu, ukawaapia mpaka wakala?"

"Roho yangu, nielewe. Hapa mimi nani? Jana nimeigiza mbele ya watu kumi na wanne, wawili wamelala! Kule walikuwa wananibusu mikono barabarani."

"Na dada yangu aliyebaki Shiraz? Kazi yake ya ualimu watamwachia?"

"Watamhoji kidogo tu."

"Kidogo. Umepima kwa kijiko?"

"Ungenipenda ungeelewa."

"Nilikupenda mpaka nikawa kumbukumbu yako, mwanamume wewe."

Iraj akaiokota karatasi mezani. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, akasema:

"Basi nisaidie mara ya mwisho. Sohrabi hataki nisome, anataka yatoke moyoni. Kaa nyuma ya simu. Nikikwama, ninong'oneze."

Mahrokh alimtazama. Alikuwa akitafuta aibu kwenye ule uso mzuri, walau chembe. Hakuiona.

"Sawa," alisema. "Badilisha koti. Hilo lina doa."

Saa kumi, Sohrabi alitokea kwenye simu akitabasamu. Iraj alianza vizuri. Machozi yalimlenga palepale walipopanga. Alipofika ukurasa wa pili, akakwama. Macho yakapanda juu ya simu, yakimtafuta mkewe kama kawaida.

"Mke wangu hana kosa," Mahrokh alinong'ona.

"Mke wangu hana kosa!" Iraj alitamka kwa sauti yake nzito.

"Nilikimbia kwa miguu yangu mwenyewe."

"Nilikimbia kwa miguu yangu mwenyewe!"

"Na maneno haya nimeandikiwa na Bwana Sohrabi."

"Na maneno haya," alisema Iraj, mkono kifuani, chozi likishuka kwa wakati wake, "nimeandikiwa na Bwana Sohrabi!"

Tabasamu la Sohrabi lilizimika. "Mwalimu? Unasema nini? Kateni! Kateni matangazo!"

Kule mtandaoni watu walikuwa wamekwisha sikia. Iraj naye alikuwa bado hajasikia alichokisema. Kinywa wazi, macho juu ya simu, alisubiri mstari unaofuata.

Mahrokh alichukua koti lake msumarini.

"Haya, Iraj. Hapo palipobaki sema maneno yako mwenyewe."

Alifunga mlango. Kwenye ngazi alisimama kidogo, akatega sikio kwa mazoea ya miaka kumi na minane.

Ndani hakikusikika kitu.