Mwenye Gauni la Kijani

Saa sita mchana duka la kusafisha picha lilijaa hadi mlangoni. Mfamasia, bado amevaa koti lake jeupe la kazini, aliinua macho akajikuta kwenye foleni nyuma ya mpenzi wake mpiga picha, ambaye simu zake yeye amekuwa akizikata kwa siku tisa.

"Mpenzi!" Mpiga picha aligeuka kama aliyeitwa. "Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu."

"Usiniite mpenzi. Nimekuja kusafisha zile chache zilizopona, mama naye ashike kitu. Harusi ya mdogo wangu hairudiwi."

Shati la mpiga picha halikupigwa pasi, na macho yalikuwa mekundu. Alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Nilishaomba radhi. Picha ziliungua kwa mwanga."

"Ziliungua zetu!" Mfamasia alitoa simu, akazipitisha moja moja. Bibi harusi mweupe kama unga. Yeye mwenyewe mweupe, pua haipo. Lakini kule nyuma, meza ya mwisho, mwanamke mwenye gauni la kijani ametoka safi hadi kope unaweza kuzihesabu. "Picha arobaini zimeungua, na huyu ndiye anayeonekana! Macho yako yalikuwa wapi?"

Foleni nzima iligeuka ili isikie vizuri.

"Simjui hata jina lake!"

"Hayo ndiyo majibu yenu."

"Mwache ajieleze, mwanangu," alisema mama mmoja mwenye bahasha. "Na sisi tusikie."

Mpiga picha alikuwa na kamera begani, na juu yake flashi ileile aliyoazima kwa ajili ya harusi. Siku ile alihangaika mno kumfurahisha mama mkwe mtarajiwa, wala hakukumbuka kutazama kioo cha kamera. Sasa aliielekeza kwa mfamasia, hatua moja tu mbele yake, akabonyeza. Akatazama. Sura nyeupe tupu.

"Unanipiga picha na hasira zangu?"

"Rudi nyuma kidogo. Jamani, mpisheni!"

Hatua ya tatu, macho yakaanza kuonekana. Hatua ya saba, mlangoni, alitoka vizuri, na hasira zake zote.

Mpiga picha aliigeuza flashi, akasoma kidirisha cha nyuma, akajipiga paji la uso. "Mwenye flashi aliiacha kwenye nguvu ya mwisho! Inamwaga mwanga wote kila mara, mtu awe karibu au mbali. Aliye karibu anaungua. Wa meza ya mwisho ndiye anayepona."

Mfamasia alizirudia picha zake, safari hii polepole. Katika zote arobaini alikuwa katikati, ameungua. Bibi harusi mwenyewe kwenye nyingi amekatwa bega. Hasira zikamwishia, machozi yakamjia, na kicheko nacho kikaja.

"Kumbe siku nzima ulikuwa unanifuata mimi!"

"Sikubanduka. Ndiyo maana nimekuharibu zaidi ya wote."

"Mama atakuua. Utamwambia nini?"

Mpiga picha alijaribu kulinyoosha shati lake. Alikuwa amelipanga neno hili kwa miezi, na si kwa mahali kama hapa.

"Nitamwambia kwamba harusi inayofuata atafute mpiga picha mwingine. Mimi nitakuwa bwana harusi."

Mama mwenye bahasha alipiga kigelegele kabla mwenyewe hajajibu. Mfamasia alifuta macho kwa mkono wa koti, akamkamata shati, akaanza kumvuta kuelekea mlangoni.

"Basi twende ukamwambie sasa hivi, kabla sijaanza kufikiri."