Aliyeachwa Ameketi

Harufu ya esansi, yaani petroli, iliingia kwanza kwenye vitambaa vya mtoto. Euphrasie alivifua mtoni, akavianika juani, akavinusa tena: esansi, kama ya lori. Lakini mwaka ule wa 1958 hapakuwa na mota yoyote karibu na nyumba yake pale kijijini Mpofi. Hata taa yake iliwaka kwa mawese.

Kisha ikaja sauti. Kila adhuhuri kitu kilinguruma juu ya paa la majani, kikizunguka, kikishuka, na Symphorien, mtoto wake mchanga, aliachia titi akakodoa macho juu. Alikonda mpaka mbavu zikatokeza.

"Mama, unasikia?" Euphrasie alinong'ona.

"Sisikii kitu," alijibu Agathe, mama yake. Lakini aliweka chini ndizi aliyokuwa akimenya, akatazama paa.

Wakamwita Papa Hilaire, mwindaji ambaye hakukosa misa ya Jumapili na bado alijua kuwaita wazee wa ukoo. Alimpakata mtoto, akataja wafu mmoja mmoja. Alipofika kwa Théophile, marehemu ambaye Euphrasie aliambiwa tangu utotoni kuwa ndiye baba yake, ngurumo ilishuka mpaka masizi ya paa yakawaangukia, harufu ikajaa nyumba nzima na kuwachoma macho, na Symphorien akalia mara moja tu kisha akanyamaza, mdomo wazi.

"Agathe! Hii jina iko ya uongo," Hilaire alisema kwa sauti ya chini. "Mutoto atakufa. Baba ya Euphrasie njo nani?"

Agathe alijifunika uso kwa kitenge. "Muzungu wa vita. Ndege yake ilianguka mu pori, miguu ikavunjika. Nilikuwa namupelekea chakula kwa siri. Homa ilipomukamata akajikokota, akarudi mu kiti yake ya kuendeshea ndege, akafia pale. Wawindaji wa wakati ile waliogopa kumugusa. Tulimufunika majani tu."

"Na ulisema weupe wangu nimeutoa kwa shangazi!" Euphrasie alisema.

"Mulimuacha ameikala, hamukumulaza?" Hilaire aliuliza.

"Ameikala."

"Basi bado anaendesha. Kwetu maiti inalazwa na mutoto wake. Anatafuta Euphrasie, njo anapitia kwa huyu mutoto."

Walimkuta porini, ndani ya ndege iliyofunikwa na mimea itambaayo, mifupa iliyoketi ndani ya koti la ngozi, mikono mbele kwenye usukani. Euphrasie, Symphorien akiwa mgongoni, alimshika mabegani. Alikuwa mwepesi kama tenga tupu. Akamlaza juu ya majani, akawa wa kwanza kumtupia udongo.

"Lala, Papa," alisema.

Palepale mtoto alianza kutafuta titi.

Alinenepa. Paa likanyamaza. Siku aliyoweza kukaa peke yake, Euphrasie alipiga kigelegele, akamwita Agathe aje aone. Wakacheka. Kisha akataka kumlaza.

Symphorien alikaza mgongo, akakataa. Akanyoosha ngumi zake mbili mbele yake kama aliyeshika usukani, akazigeuza polepole kushoto, na juu ya paa kitu kikanguruma, kikageuka naye.