Viatu Vyekundu vya Liya Mesfin

Soko la Merkato siku ya Jumamosi halina adabu. Unakanyagwa, kisha aliyekukanyaga ndiye anayekugombeza. Hirut alikuwa amembeba bintiye wa miaka minne mgongoni, shela yake nyeupe imelowa mvua, akajikwaa kwenye kizingiti cha duka la viatu na kuingia bila kukusudia, akatua kifuani mwa fundi Anteneh.

"Karibu," Anteneh akasema. "Wateja wengine huanza na salamu."

"Samahani, kaka. Watu wamenisukuma."

"Mungu awabariki watu hao."

Hirut akauma mdomo asicheke. Kwa jicho la pembeni aliliona shati lake chini ya aproni ya ngozi, limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Yeye Anteneh aliona nywele zilizosukwa mistari membamba, na macho ya mwanamke aliyezoea kujibu maswali ya watu kwa ufupi.

"Na huyu bibi harusi, mbona anabebwa?"

"Nyayo zake ni bapa, ikifika jioni zinamuuma hadi analia. Daktari kasema si ugonjwa, watoto wengi wako hivyo na hukua zikapata tao. Ila kwa kuwa anaumia, nimtafutie viatu vinavyoshikilia mguu."

"Nataka kuimba na wenzangu!" Liya akapaza sauti kutoka mgongoni.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Huku kwetu, mvua kubwa zikiisha, mwaka mpya huingia na wasichana wadogo hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, maua ya njano mkononi. Mwaka uliopita Liya alifika nyumba ya tatu tu. Alirudi mgongoni kwa mama, maua yakidondoka njia nzima, na wenzake hawakugeuka hata kumtazama.

Anteneh akamlowesha Liya unyayo, akamkanyagisha kwenye boksi. Alama ikatoka nzima, haina pengo katikati. Akachukua ndala laini alizokuja nazo mtoto, akazikunja mara mbili kwa vidole viwili.

"Hiki ni kiatu au kitambaa cha kufutia meza? Sikiliza, dada. Bonyeza hapa nyuma, kisiginoni. Pawe pagumu. Ukikikunja, kikunjike kwenye vidole tu, kisikunjike katikati. Ukikisokota kama nguo, kikatae. Na mbele abaki na nafasi ya upana wa kidole gumba."

Akatoa jozi tatu. Liya akavipenda vyekundu vya kung'aa, vyenye ua juu, lakini vilisokoteka kama utambi. Vilivyofaa vilikuwa vya kahawia, vya kufunga kamba, vizito usoni kama vya mzee wa kanisa. Liya akalia.

"Basi basi, bibi harusi," Anteneh akasema. "Nitakutengenezea vya aina hii hii, vyekundu. Njoo nikupime jioni, mguu ukiwa umechoka na kutanuka. Niandike jina gani?"

"Liya Mesfin," Hirut akasema haraka, akatoa na namba ya simu.

Sisi jina la pili ni la baba, kila mtu anajua. Anteneh akaandika. Moyoni akasema: Mesfin huyo labda yuko Uarabuni, labda amekufa. Hakuuliza. Na Hirut, jamani, hakusema. Kwa mara ya kwanza mtu alimtazama bila kumhurumia, akaona akifungua mdomo ataupoteza utamu huo.

Simu zikaanza. Kwanza za viatu, baadaye viatu vikawa kisingizio.

"Liya hajambo?"

"Hajambo. Anauliza vyekundu."

"Na mama yake?"

"Mama yake anapika dengu."

"Mimi nimekula mkate nimesimama."

"Nani kakukataza kuketi?"

"Niketi na nani, Hirut?"

Huku watu hula sinia moja, na anayekupenda hukulisha tonge kwa mkono wake.

"Mara ya mwisho kulishwa tonge ilikuwa lini?" Hirut akauliza polepole.

"Mama alipokuwa hai. Miaka sita. Naishi chumba cha nyuma ya duka, nani atanilisha, nyundo?"

Akacheka. Hirut hakucheka. Aliinamia sufuria, machozi yakimtoka, akasingizia vitunguu ambavyo hata hakuwa amevikata.

Kisha jioni moja Anteneh akapiga, ikapokewa na sauti nzito ya kiume.

"Hirut yuko jikoni. Mimi Mesfin. Nani wewe?"

Anteneh akakata simu. Akakaa na vile viatu vidogo mapajani, gundi ikakaukia vidoleni. Kumbe Mesfin yupo, tena anapokea simu ya mkewe! Hakupiga tena. Hirut alisubiri siku tisa, akiitazama simu kila ilipolia, akizidi kujiambia kwamba bila shaka fundi amesikia habari zake kutoka kwa watu, amekimbia kama wengine.

Mkesha wa sikukuu akaenda kuchukua viatu. Duka limejaa.

"Hivi hapa," Anteneh akasema bila kumtazama. "Msalimie Mesfin."

Uso wa Hirut ukamshuka. Akaelewa yote. Lakini aseme nini mbele ya wanawake kumi, kwamba aliyempa mimba alimkana mtoto? Akachukua viatu akatoka.

Siku ya mwaka mpya Merkato ilikuwa kimya kabisa, milango imefungwa. Anteneh alikuwa chumbani na mkate wake, amesimama, aliposikia sauti ndogo ikiimba nje, peke yake, tena ikikosea mahadhi.

Akafungua. Liya, gauni jeupe, maua mkononi, viatu vyekundu vimejaa matope.

"Hii ni nyumba ya kumi na moja!" akasema. "Na sijabebwa! Wenzangu wameishia ya kumi!"

Nyuma yake alisimama Hirut, amebeba chungu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Umesahau kuniuliza kitu siku ile," Hirut akasema. "Uliuliza jina la mtoto tu. Niulize langu kamili."

"Hirut, tafadhali, nenda kwa mumeo..."

"Niulize!"

"Jina lako kamili nani?"

"Hirut Mesfin." Hakuinamisha macho. "Mesfin ni baba yangu. Mwenye mtoto alimkataa kabla hajazaliwa, baba akasema mpe jina langu. Sina mume, Anteneh. Sikukwambia kwa sababu kila ninayemwambia huondoka. Sasa nimesema. Kama na wewe unafunga mlango, funga, nimezoea."

Anteneh alifungua mdomo kujibu.

"Hapo hapo, usiufunge," Hirut akasema. Akakunjua kitambaa, akamega injera, mkate wetu mwembamba kama chapati, akachota mchuzi wa kuku, akamtia tonge kubwa mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi akatafuna akilia, bila aibu, mchuzi ukimtiririka kidevuni. Liya akamtazama, akamvuta shati.

"Keti," akamwambia. "Watu hula wameketi."